Amsterdam hadi Vienna na watoto wawili: tukate tiketi za treni au za basi?

Mama wa Ujiji, Kigoma

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Wifi yangu anayefanya kazi Köln, Ujerumani, ametualika mwezi Juni, nasi tumeona kwamba, maadamu nauli ya ndege itakuwa imekwisha kulipwa, ni vyema tukaitembelea na miji mingine pamoja na watoto wetu, mmoja wa miaka mitano na mwingine wa miaka tisa. Tutashukia Amsterdam, tutakaa Köln siku nyingi zaidi, kisha Berlin, Praha, na hatimaye Vienna, tutakakopandia ndege ya kurudi. Nauli za mabasi ninazoziona mtandaoni ni ndogo sana kuliko za treni, lakini wifi anasema tusithubutu kupanda basi na watoto. Huku kwetu kipimo changu ni chepesi: nikipata nafasi ya kulala kwenye treni ya Dar ninapanda treni, nikikosa ninakwenda stendi. Kwa safari ya huko sijui nianzie wapi, na viza bado hatujaomba.

Mstaafu wa Reli, Tabora

Binti yangu, wengi hulinganisha tiketi moja ya basi na tiketi moja ya treni, ilhali ninyi mko wanne. Katika treni za masafa marefu za Deutsche Bahn, yaani shirika la reli la Ujerumani, mtoto aliye chini ya miaka sita hahitaji tiketi, na wa miaka sita hadi 14 halipiwi nauli akiongozana na mzazi, mradi awe ameandikwa kwenye tiketi ya mzazi huyo. Basi huuza kiti, na kila mtoto wako atakalia kiti. Kwa hiyo, kutoka Köln hadi Berlin, weka nauli mbili za treni upande mmoja na nauli nne za basi upande wa pili, ndipo utazame kama ile tofauti bado ipo. Tena treni hutumia muda wa saa nne na nusu hivi katika kipande hicho, na basi hukaribia mara mbili yake.

Jambo linaloweza kuwashangaza watu wa huku, tuliozoea tiketi yenye namba ya behewa na ya kiti, ni kwamba kule tiketi ni ruhusa ya kusafiri tu, na kiti huwekwa kwa malipo ya pembeni. Karibu na kila kiti kuna kioo kidogo kinachoonyesha kuwa kiti hicho kimewekwa kuanzia stesheni ipi hadi ipi. Asiyeweka kiti hupita na mabegi yake behewa kwa behewa akisoma vioo hivyo, na msimu wa likizo anaweza kusimama hadi Hannover, mji ulio njiani kwenda Berlin. Mkiwa na watoto, wekeni viti.

Kijana wa Mwanga, Kigoma

Namheshimu mzee, ila hesabu yake inafaa zaidi kwa mtu ambaye tayari ana viza mkononi. Tiketi ya treni ya bei nafuu hupanda bei kadiri siku zinavyokaribia, hufungwa kwenye treni moja tu, na zile za chini kabisa hazirudishiwi fedha. Maombi ya viza ya Schengen, yaani viza moja ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, uamuzi kwa kawaida hutolewa ndani ya siku 15, na unaweza kusogea hadi siku 45. Anayekata tiketi hizo kabla ya jibu anacheza kamari, na anayesubiri jibu hadi Mei atazikuta zimeisha. Hapo ndipo basi linapopata heshima yake, hasa katika kipande kifupi kama Amsterdam hadi Köln.

Kwa kuwa siku nyingi mtakuwa Ujerumani, maombi yenu yanakwenda ubalozi wa Ujerumani, ingawa mnashukia Uholanzi. Msisahau pia bima ya safari inayolipia matibabu kwa kiasi kisichopungua euro 30,000. Na mkipanda basi, pasipoti zisikae kwenye begi la buti, kwani tangu Septemba 2024 Ujerumani hukagua wasafiri katika mipaka yake yote ya nchi kavu.

Wala treni za huko zisisifiwe kupita kiasi. Deutsche Bahn yenyewe ilitangaza kwamba mwaka 2024 treni zake za masafa marefu zilizowahi zilikuwa kama asilimia 62 tu, na hapo treni iliyochelewa chini ya dakika sita imehesabiwa kuwa imewahi.

Msafiri wa Isevya, Tabora

Kuna njia ya tatu, dada. Eurail ni pasi ya treni kwa wasioishi Ulaya, na ipo ya siku nne za kusafiri ndani ya mwezi mmoja, ambazo ni sawasawa na vipande vyenu vinne. Watoto wa miaka minne hadi 11 hupewa pasi bila malipo wakiwa na mtu mzima. Bei yake haipandi kwa sababu umechelewa, na pasi ya bei ya kawaida ambayo haijaanza kutumika hurudishiwa sehemu kubwa ya fedha, kwa hiyo viza ikikataliwa hamtapoteza zote. Treni nyingi za Ujerumani na Austria hazikulazimishi kuweka kiti, tofauti na zile za kasi za Ufaransa na Italia.

Mama wa Ujiji, Kigoma

Shikamoo mzee, na asanteni nyote. Tutaomba viza kwanza. Ikitoka mapema tutakata tiketi za kawaida, na ikichelewa tutachukua pasi. Basi tutaliacha liwe akiba kwa Amsterdam na Köln. Naomba kuuliza kuhusu mizigo.

Mstaafu wa Reli, Tabora

Marahaba. Mabasi mengi huweka kikomo, mara nyingi begi moja kubwa la kilo 20 kwa kila abiria. Kwenye treni hakuna atakayekupimia, lakini hakuna mchukuzi wa kukubebea pia, na treni husimama dakika chache tu: kila mmoja awe na begi analoweza kulipandisha mwenyewe, na yule wa miaka mitano awe na mkono wa kushikwa.