Kampuni ya kubeti imenifungia akaunti ya uafilieti kisa sheria ya Kenya, mimi nipo Arusha!!

Wakuu habari za jioni, uzi ni mrefu kidogo mnivumilie maana nina hasira hadi chai imenishinda.

Hii kazi ya uafilieti, yaani kuiletea kampuni wateja kwa komisheni, niko nayo tangu 2021. Nina chaneli ya Telegram natupia mikeka, chini naweka linki na promokodi yangu, ukijisajili kupitia mimi halafu ukaliwa napata asilimia 25 ya ulicholiwa baada ya wao kutoa kodi ya serikali na mabonasi yao. Ndio, nakula mkeka wako ukichanika, msianze kunisema, watu wangu nishawaambia zamani. Na mtu akipiga hela ndefu dashibodi yangu inasoma hasi, deni linahamia mwezi unaofuata, nalibeba kimya kimya.

Sasa mwezi uliopita nafungua, komisheni sifuri, wachezaji wangu 412 hawapo hata mmoja. Namuandikia meneja wao, yule yule aliyekuwa ananiita bro kila Jumanne nisukume mechi za Champions League, ananirudishia imeili ya mistari mitatu eti "kutokana na mabadiliko ya kanuni nchini Kenya" mkataba umesitishwa. Kenya?? Mimi nipo Mbauda! Wachezaji karibu wote ni wa Arusha na Moshi, wanaweka hela kwa simu za huku, na leseni ni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ya hapa hapa bongo.

Kweli Kenya wamebana. Tarehe 29 Aprili 2025 walisimamisha matangazo yote ya kamari siku 30, ikafuata miongozo ya kukataza mastaa na mainfluensa kutangaza kubeti, Agosti sheria mpya ikasainiwa. Haya. Nioneshe basi ni wapi imeandikwa kwamba mchezaji niliyemleta mimi 2022 hapa Tanzania anakuwa wako bure. Maana wanaendelea kubeti kama kawaida na kampuni inaendelea kula, kilichoondoka ni fungu langu tu.

Na janja hii haijaanza leo. Uingereza mdhibiti wa kamari anaihesabia kampuni makosa ya maafilieti wake, na Sky Bet, kampuni ya kubeti ya huko, wakafunga mpango wao wa maafilieti wa kule 2017. Yani sheria zikikaza kampuni inapiga hesabu, huyu dalali ananiletea wateja au kesi? Wateja keshaleta, aende.

Mimi nasema tusajiliwe. New Jersey kule Marekani, afilieti ukitaka kula asilimia ya mapato lazima uwe na leseni, Romania vilevile afilieti anakata leseni. Watu wanaona ni usumbufu, mimi naililia hiyo leseni, angalau ningekuwa na pa kushitaki. Nilivyoulizia ofisi moja hapa nikajibiwa "mkataba ni wako na kampuni, kasome vigezo na masharti". Nimevisoma sasa, vinasema wanaweza kubadilisha muda wowote bila taarifa. Nilitiki bila kusoma, hapo nimejichoma mwenyewe.

Kuna aliyewahi kuzungushwa hivi akalipwa? Alipitia wapi, wakili au? Skrinishoti ninazo zote tangu mwezi wa kwanza.

Na mlioko kwenye chaneli, ile linki ya juu kabisa ilikuwa bado inafanya kazi mpaka jana, watu 6 wamejisajili nayo wiki hii na mimi sijaona hata mia. Nimeifuta leo asubuhi.