Naomba ushauri: nasaba ya Paul Robeson upande wa baba

Habari zenu ndugu wanajamvi. Naandaa mti wa ukoo wa Paul Robeson, mwimbaji Mmarekani mweusi aliyezaliwa Princeton, New Jersey, 1898. Nampenda kwa sauti yake nzito, na zaidi kwa sababu miaka ya 1930 alijifunza Kiswahili chuoni London.

Upande wa mama hauna shida. Maria Louisa Bustill alitoka katika ukoo wa watu huru wa Philadelphia, waliochanganya damu ya Kiafrika, ya Wazungu na ya Walenape, wenyeji wa asili. Babu yao Cyrus Bustill, mwoka mikate, anafahamika tangu karne ya 18.

Nimekwama kwa baba, William Drew Robeson. Alizaliwa utumwani North Carolina, akatoroka mwaka 1860 akiwa na miaka kama 15, baadaye akawa mchungaji. Nimejaribu sensa: ya 1870 inataja walioachwa huru kwa majina, lakini orodha za watumwa za 1850 na 1860 zina jina la bwana, kisha mistari ya umri, jinsia na rangi tu. Inauma kumtafuta mtoto wa miaka mitano kwenye mistari ile.

Naomba kuuliza:

Je, wosia na orodha za mirathi za familia ya bwana huweza kutaja watumwa kwa majina, na nianze na ofisi ipi?

Pia, kipimo cha vinasaba cha wazao kinatosha kutaja kabila, au niishie kuandika "Afrika Magharibi"?

Natanguliza shukrani.