Ndezi wa kale wa Napak kaandikwa "panya": hii ni dharau kwa wasomaji wa Kiswahili!

Wadau, salaam. Tangu Ijumaa nimekaa na hasira, leo naitoa.

Nilipeleka watoto wa darasa langu kwenye maonyesho ya visukuku vya Karamoja, huku kwetu Uganda. Mahali sipataji. Wazazi walichanga nauli wiki tatu, tukaondoka alfajiri na chapati mkononi. Kwenye kabati la pili la kioo kuna kipande cha taya ya chini, magego manne bado yamejipanga, kila moja kama punje ya mtama, rangi ya chai kavu. Kibandiko cha Kiingereza kiko sawa kabisa: Paraphiomys, Napak, jamaa wa ndezi, yule mgugunaji mkubwa wa nyasini anayewindwa kwa nyama. Chini yake Kiswahili: "Taya ya panya wa kale, babu wa panya wa nyumbani."

Nikamwita kijana anayehudumu, nikamweleza taratibu. Akanijibu, "Mwalimu, panya ni panya, watoto hawatajua." Mbele ya watoto wenyewe!

Sasa nisikilizeni. Paraphiomys si panya wa nyumbani, wala si babu yake. Jenasi hiyo, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, ilipewa jina mwaka 1914 na Charles Andrews wa Uingereza, kwa visukuku vya Karungu, ng'ambo ya Kenya kando ya Ziwa Viktoria. Jina lenyewe lina maana ya jirani wa Phiomys, mgugunaji mwingine wa kale aliyepewa jina mwaka 1908 kwa mabaki ya Fayum, Misri. Mwaka 1973 mtaalamu wa visukuku René Lavocat aliwachambua wagugunaji wa Afrika Mashariki wa Miosini, zama za mamilioni ya miaka iliyopita, jino kwa jino, na wa Napak wakiwemo. Wataalamu huwaweka Paraphiomys upande wa ndezi, familia ya Thryonomyidae, na kwa mbali zaidi ukoo wao unakutana na nungunungu.

Na ushahidi ulikuwa palepale kwenye kioo! Lile gego la mbele kabisa kati ya manne ni jino la utotoni. Kwa wanyama hawa halidondoki kupisha jingine, mnyama anazeeka nalo. Chukua fuvu la ndezi wa leo utaliona jambo hilohilo. Halafu tazama kona ya nyuma ya taya: imetokeza kwa nje, haikufuata mstari wa jino la mbele. Panya wa dari hana taya hiyo. Mtoto wa miaka kumi na mbili anayaona yote haya kwa macho yake ukimwonyesha, na mimi nilikuwa nimejiandaa kuwaonyesha.

Tena hesabu yenyewe haikubali. Napak ni mabaki ya volkano, na majivu yake yamehifadhi mifupa ya miaka kama milioni 20, pamoja na makombe ya konokono wa nchi kavu. Nasaba ya panya wa nyumbani, mabaki yake ya mwanzo kabisa yanayojulikana yametoka Siwalik, Pakistan, na yana miaka kama milioni 14. Babu gani huyo aliyekaa Karamoja wakati ukoo wenyewe haujazaliwa?

Najua wataalamu bado wanabishana. Spishi zilizowahi kutiwa kwenye Paraphiomys zimetoka Namibia, Moroko, Ethiopia, hadi Saudia, na wengine wanasema jenasi imegeuzwa kapu la kila jino lisilo na mwenyewe, lazima ivunjwe. Sawa, hayo ni mabishano ya kisomi, yaacheni yaendelee. Lakini hakuna hata upande mmoja unaosema ni panya wa nyumbani.

Kinachoniuma zaidi ni lugha. Aliyesoma Kiingereza ameondoka na ukweli, aliyesoma Kiswahili ameondoka na panya. Neno NDEZI lipo! Baraza la Mawaziri la Uganda lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, tukaambiwa tufundishe. Tufundishe nini, vibandiko vya kubahatisha? Mwanafunzi wangu mmoja, Muganda wa ukoo wa Omusu, ndezi ndiye muziro wake, yaani mnyama wa mwiko wa ukoo, hamli. Alisimama pale akaniuliza, "Mwalimu, kwa hiyo muziro wetu alikuwa wapi?" Nikamwonyesha lile taya, nikamwambia huyu ndiye jamaa yake, usisome maandishi. Mwalimu namwambia mtoto asisome!

Fuvu la sokwe wa kale lilipotoka Napak mwaka 2011, magazeti yalilipamba na kila mtu akalijua. Taya dogo kama hili nalo limechekechwa kwenye udongo na watu waliopiga magoti juani siku nzima, ni letu vilevile.

Nimewaandikia wahusika barua mbili. Kimya. Naenda mwenyewe Jumamosi. Kama humu kuna mwindaji wa Masindi au Lira, akipata ndezi asitupe kichwa. Achemshe, atoe nyama, anitumie fuvu pamoja na taya zote mbili. Nataka kuliweka mezani kwao, kando ya kile kioo.