Wajukuu wa Bibi, Ngamiani

ALHAMISI, 2 MACHI 2023

Asha (saa 2:36 asubuhi): Roketi imeruka jamani! Dakika mbili zilizopita. Huko Florida bado ni usiku wa manane, moto ukatoka ukawa kama jua. Jumatatu wanaanga walishafungwa mikanda vitini, zikabaki dakika mbili na sekunde kidogo, safari ikaahirishwa. Kichujio cha kimiminika cha kuwashia injini kiliziba. Leo mikono yangu bado inatetemeka.

Rehema: Alhamdulillah. Wangapi humo?

Asha: Wanne. Stephen Bowen na Woody Hoburg wa Marekani, Andrey Fedyaev wa Urusi, na Sultan Alneyadi wa Falme za Kiarabu. Wanakwenda kituo cha anga za juu, wakae miezi sita. Kufika ni kesho asubuhi inshallah.

Mjomba Sefu: Asha mwanangu, ndiyo ile ya jana? Baada ya maghribi Sahare nzima tulikuwa ufukweni, nyota mbili zimebanana upande wa magharibi. Wengine wakaapa moja ni roketi.

Asha: Shikamoo Mjomba. Hapana, jana roketi ilikuwa bado imesimama chini. Zile ni sayari mbili, Zuhura na Mshtarii.

Mjomba Sefu: Marahaba. Nilijua si roketi, ila sikuwa na la kuwajibu.

Rehema: Bibi anasema niandike. Anasema Zuhura anamjua tangu mdogo, baba yake alikuwa akimtazama akiwa jahazini. Lakini Mshtarii kumsogelea namna ile hajapata kuona. Jana alinyoosha mkono barazani, kidole cha mwisho kikaziziba zote mbili.

Asha: Bibi, hicho kidole ndicho kipimo chenyewe! Mimi na wanafunzi tulipima hivyohivyo.

Asha: Mjomba, kituo ukikiona utakijua. Hakipepesi kama nyota, hakiwakiwaki kama ndege. Kinateleza tu moja kwa moja, dakika nne au tano kimeshapotea. Taa yake ni jua. Huku chini kwetu bado giza, kule juu jua limeshakipiga.

Mjomba Sefu: Basi nimeshakiona mimi. Tulikuwa nje ya kisiwa cha Toten tunavuta nyavu, alfajiri bado. Kikatokea upande wa Usambara kikapita juu yetu kikazamia baharini. Kimya kabisa. Vijana wakaacha nyavu wakaanza kusoma Ayatul Kursi, na mimi nikasoma nao.

Mjomba Sefu: Kumbe mle mlikuwa na watu?

Asha: Mlikuwa na watu Mjomba. Tangu Novemba 2000 hakijawahi kukaa bila mtu hata siku moja. Kiko kama kilomita 400 juu, kinaizunguka dunia nzima kwa dakika 90 hivi.

Ami Bakari: Dakika 90? Basi jua linawachomozea mara ngapi?

Asha: Mara 16 kwa siku moja yetu, Ami.

Ami Bakari: Subhanallah. Na Ramadhani hiyo wiki tatu tu. Huyu Sultan atafunga kwa jua lipi? Na kibla? Siulizi kwa mzaha, leo baada ya adhuhuri nitaulizwa msikitini.

Asha: Hilo la saumu alilijibu mwenyewe Januari. Alisema yeye ni msafiri, kwa hiyo si lazima kwake. La kibla liliwahi kukaliwa na wanazuoni wa Malaysia mwaka 2007, Sheikh Muszaphar Shukor alipopanda, naye alikwenda ndani ya Ramadhani. Wakasema aelekee Kaaba akiweza. Asipoweza, aelekee usawa wa juu ya Kaaba. Asipoweza, aelekee dunia. Hilo nalo likishindikana, popote. Na saa za sala azifuate za mahali alipoondokea.

Ami Bakari: Aelekee dunia. Allahu Akbar. Hilo nitalisema leo kwa sauti.

IJUMAA, 3 MACHI

Asha (saa 3:15 asubuhi): Sina kipindi mpaka saa nne, niko nao. Wamefika jirani. Lakini wamesimama. Mita 20 tu kutoka kwenye mlango wa kituo.

Rehema: Kwa nini tena?

Asha: Chombo kinajishika kwa kulabu 12. Sensa ya kulabu moja inatoa habari isiyo sawa. Hawaingii mpaka mafundi wa chini waithibitishe na kutuma maelekezo mapya kwenye kompyuta.

Rehema: Mita 20 ni kutoka kwetu hapa mpaka kwa muuza maandazi. Si waingie tu!

Mjomba Sefu: Usiseme hivyo Rehema. Mwaka ule injini ilipotufia, tulikaa usiku mbili tunachukuliwa na maji. Mashua ya Pangani ikatuona. Ilipokaribia, nahodha wao hakuja. Akasimama mbali akitazama mawimbi, sisi tunalia tunamwita. Angekuja kwa pupa angetupasua, tukazama wote. Alingoja bahari itulie, ndipo akarusha kamba. Yule namwombea mpaka leo.

Asha: Mjomba hii hujawahi kutusimulia.

Mjomba Sefu: Hamkuuliza.

Asha (saa 3:40): Imeshika! Wameungana! Bado wanakagua kama kuna upepo unaovuja, mlango baadaye. Wakiingia watakuwa 11, kwa maana ndani walikuwemo saba.

Asha: Na watatu kati ya hao saba chombo chao kilitoboka Desemba, maji ya kupoozea yakamwagika yote. Inasemwa ni kijiwe kidogo cha angani. Walipanda Septemba, walikuwa warudi mwezi huu. Jumapili iliyopita kimefika kingine, kitupu bila mtu, kimetumwa kwa ajili yao tu. Lakini sasa watakaa mpaka Septemba.

Mjomba Sefu: Mwaka mzima. Na wametumiwa chombo kitupu.

Asha: Kitupu Mjomba, viti vitatu vinawangoja.

Rehema: Bibi ananishika mkono nisiweke simu. Anauliza hao watatu wanaitwa nani. Leo Ijumaa, anataka kuwataja kwenye dua.

Asha: Sergey Prokopyev. Dmitry Petelin. Frank Rubio.

Rehema: Namsomea, anarudia.

Rehema: Anasema la katikati uliandike tena, polepole.

Asha: Dmitry. Petelin.