Kuasili moja kwa moja au kuanza na malezi ya kambo?

Mlezi_Mtarajiwa: Wakuu, salaam. Mimi na mwenzangu tumeamua kumpokea mtoto. Ijumaa tunaonana na afisa ustawi wa jamii na tunatakiwa kusema tunaomba kuasili au malezi ya kambo. Ipi bora?

Bahari_Tulivu: Ndugu, hujatupa cha kushikia. Mtoto wa umri gani? Mna wengine nyumbani? Na mtaweza kumlea mkijua huenda akarudi kwao? Ukiasili, mahakama inawakabidhi haki na wajibu wote wa wazazi, na ni kwa kudumu. Kwa kambo mnalea kwa muda, mpaka kwao kutengemae au uamuzi mwingine utolewe.

Mama_Wawili: Asilini. Mtoto anahitaji kujua kwamba hahami tena.

Fundi_Saa: Dada, si kila aliye kwenye makao ya watoto ni yatima. Mama yake anapambana amrudishe, wewe utamuasili vipi?

Nuru_K: Sisi tulianza na kambo, tukapewa kichanga. Kaanzia hatua za kwanza kwetu, akaniita mama. Halafu simu ikaja: bibi yake amekubaliwa, mwandaeni mtoto. Bibi simlaumu, ni damu yake. Kilichonichoma ni kwamba ofisi ilijua tangu mwanzo kuwa ameomba, ikanyamaza. Na makabidhiano yakafanywa kwa siku moja, bibi hajawahi hata kuja kumtembelea azoeleke. Mtoto alining'ang'ania shingoni wakambandua. Ijumaa ulizeni: lengo la mtoto huyu ni kurudi kwao au kuasiliwa? Nani katika ukoo ameshaulizwa? Mpewe kwa maandishi.

Abu_Salma: Pole sana dada Nuru. Niongeze, kwa sisi Waislamu kuna kafala: unamlea na kumsomesha kama wako, lakini anabaki na nasaba ya baba yake. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 20, unaitaja kafala kwa jina. Harithi kama mwana wa kuzaa, ila unaweza kumuusia ndani ya theluthi ya mali yako.

Mama_Wawili: Mimi jina nilibadilisha, na mwanangu ana amani. Ana miaka 8.

Bahari_Tulivu: Anajua kwamba aliasiliwa?

Mama_Wawili: Tutamwambia akikua.

Fundi_Saa: Mwambie sasa, dada, kwa maneno ya umri wake. Siku akilisikia kwa shangazi aliyekasirika, atajiuliza nini kingine mlimficha.

Mama_Wawili: Mwanangu namjua mimi.

Mlezi_Mtarajiwa: Asanteni. Hatuna mtoto bado. Tuliyemwona hajafika miaka 2, ila ana kaka wa miaka 6 makao hayohayo. Tunaambiwa tunaweza kumchukua mdogo peke yake.

Fundi_Saa: Hilo ndilo la kuanza nalo! Utafiti wa Bucharest, Romania, uliofuata watoto 136 wa makao, ulionyesha kuwa waliopelekwa kwenye familia kabla ya miaka 2 walipata nafuu kubwa zaidi. Mdogo asikawizwe.

Nuru_K: Na kaka yake abaki na nani? Huyo ndiye ndugu pekee anayemfahamu.

Bahari_Tulivu: Wazazi wao wako hai? Hilo bado hujajibu.