Naomba ushauri: michoro ya mawe ya baharini kwenye batiki

Wakuu habarini, mi nipo Mwanza natengeneza batiki (vitambaa vya kuchora kwa nta na rangi). Juzi juzi nilikua Dar nikapita ufukweni maji yamekupwa, nikakuta mawe ya matumbawe yametoboka toboka kama sega la nyuki, mengine yameliwa chini yamebaki kama uyoga, aisee nilikaa pale mpaka maji yakaanza kurudi. Kumbe chumvi nayo inachangia, maji yakikauka chembe zake zinakua kubwa ndani ya vitundu zinabandua jiwe kidogo kidogo, mawimbi yanamalizia.

Huku kwetu maji hayana chumvi na mawe ni granaiti, yanabanduka magamba kama kitunguu, alafu Jiwe la Bismarck, lile la pale ziwani, ndo hivyo ndege washalipaka chokaa.

Sasa nataka hiyo michoro yote ikae kwenye kitambaa kimoja. Nyufa za granaiti hazinisumbui, nta ikikauka nakifinyanga kitambaa zinatokea zenyewe. Shida vitundu, nimejaribu kugonga na kizibo cha soda nta ikamwagika doa zima. Mnatumia nini? Na picha nilipiga saa saba mchana hazina kivuli, nikirudi nipige saa moja asubuhi au?