Mwandiga hadi Manyovu kwa baiskeli ya mbio: gia ya 39 kwa 25 inatosha?

Mkanyagaji wa Ujiji
Wakuu, salaam. Nina baiskeli ya mbio: mbele meno 52 na 39, nyuma kuanzia 12 hadi 25. Tairi za milimita 25, breki za kubana rimu. Uzito wangu kilo 70. Kwa mizunguko ya Ujiji haina shida, ila mwezi wa 7 nataka kutoka Mwandiga, hapa Kigoma, kwenda Manyovu na kurudi siku hiyohiyo. Gia hizi zitanipandisha, au nianze na njia ya Kasulu? Na wakati wa kushuka niangalie nini?

Fundi wa Mwanga
Hiyo gia ni nzito kwa njia hiyo, ndugu. Piga hesabu: 39 gawa kwa 25 ni 1.56. Gurudumu likizunguka mara moja linakwenda kama mita 2.1, kwa hiyo kila mzunguko wa pedeli unakusogeza karibu mita 3.3. Ukikanyaga mizunguko 60 kwa dakika, uko kilomita 12 kwa saa. Kwenye mwinuko wa asilimia 8, wewe na baiskeli mkiwa kilo 80, mwendo huo unadai zaidi ya wati 220. Wachache wanaumudu kwa muda mrefu. Mizunguko ikishuka hadi 45, kila mkanyago unakuwa mzito na magoti ndiyo yanayolipa.

Usikimbilie kununua meno 34 ya mbele. Krenki nyingi za 52/39 zenye bolti 5 zina mduara wa matundu wa milimita 130, na hapo meno machache kabisa yanayoingia ni 38. Pima kwanza. Njia rahisi ni kubadilisha nyuma, uweke friwili ya 11 hadi 32. Utapata kilomita 9 kwa saa kwa mizunguko ileile 60, na wati zitashuka hadi karibu 175.

Ila mkono wa gia ya nyuma, ule unaoning'inia chini ya friwili na kukaza cheni, lazima uwe mrefu. Ule mfupi haufiki kwenye meno 32, na hauwezi kumeza cheni inayolegea ukiwa kwenye gia ndogo. Cheni nayo uipime upya: izungushe kwenye meno makubwa ya mbele na makubwa ya nyuma bila kuipitisha kwenye mkono wa gia, kisha ongeza pingili 2. Ukiacha ile ya zamani, siku utakapoingiza kubwa kwa kubwa itavuta mkono huo na kuukunja, pengine uingie kwenye spoku.

Nyanda za Buhigwe
Kati ya Kasulu na Manyovu, kwa mazoezi ya mlima chagua Manyovu. Kutoka Mwandiga ni kama kilomita 60 za lami, na unapanda kutoka ukanda wa ziwa, ulio kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, kwenda nyanda za kahawa za Kalinzi. Haupandi kwa mpigo mmoja. Kuna kushuka na kupanda tena, hata wakati wa kurudi. Anayemaliza miguu kabla ya Kalinzi ataumia mbele.

Kigoma mwezi wa 7 jua linatoka baada ya saa 1 asubuhi. Ukiondoka saa 12 weka taa. Maji nusu lita hadi robo tatu kwa saa, na ndizi mbivu 2 kwa saa, uanze kula kabla njaa haijakukuta. Manyovu ni mpakani na Burundi, beba kitambulisho.

Mkanyagaji wa Ujiji
Asanteni sana. Na breki?

Fundi wa Mwanga
Usizishike mfululizo. Rimu ikichemka, upepo wa ndani unapanda na gundi ya viraka inalegea. Tyubu yenye viraka isikae gurudumu la mbele. Bana kwa nguvu kabla ya kona, achia, acha rimu ipoe. Kagua raba za breki: mifereji ikiwa imeisha, badilisha, na chokoa vipande vya chuma vilivyonasa kwa ncha ya kisu, maana vinakwangua rimu. Upepo wa tairi, kwa kilo zako, psi 85 mbele na 90 nyuma unatosha. Ukijaza hadi 120, tairi inarukaruka kwenye lami mbovu na breki hazishiki.

Nyanda za Buhigwe
Ongezea matuta ya vijijini, mengine yamefutika rangi. Na baiskeli zenye madumu ya mawese: zinashuka na mzigo mzito, haziwezi kusimama ghafla. Zipite ukiwa na nafasi, piga kengele mapema.